Ukaya wa Nyanya kwenye Gari la Baba

Nje ya nyumba yangu yuko kijana mmoja fundi wa pikipiki. Kila asubuhi hutandaza gunia lake chini ya ukuta wangu bila kuniomba ruhusa, akafungua kile kisanduku ambacho pikipiki huvutia hewa, akatoa sifongo lililojaa vumbi, akaliosha kwa petroli na kulipaka mafuta kidogo kabla ya kulirudisha. Juzi mafuta yalimwishia, akaja kunigongea mlango. "Bi mkubwa, huna mafuta yoyote hapo, hata ya kupikia?" Nikampa chupa yangu ya mafuta ya nazi, yale ya nywele, maana nywele zenyewe siku hizi hazidai mengi. Alipomaliza akaiwasha ile pikipiki, akaiacha ingurume mpaka ikapata moto. Harufu ya mafuta ya nazi iliyochanganyika na petroli ikapita dirishani, nami nikaacha mchele niliokuwa nikiupeta, nikakaa chini. Uso uliniwaka, mimi mtu mzima, peke yangu chumbani.

Wenzangu wa umri wangu mliokulia Amu, yaani Lamu, kila mmoja ana harufu ya aibu yake. Wengine yenu ni ya chaki, wengine ya godoro lililolowa. Yangu mimi ni hiyo, mafuta ya nazi juu ya injini ya moto, na inatoka kwenye gari ambalo huenda baadhi yenu mliliona, kwa sababu wakati ule halikuwapo jingine la aina yake kisiwani na watoto wote wa pwani walilikimbilia.

Tuliishi Wiyoni, pembeni mwa mji. Tulikuwa tumehama Kiunga, kule juu karibu na mpaka wa Somalia, wakati wa vurugu za mashifta, na makasha yetu, majamvi na kuku, kama walivyohama watu wengi wa kule, na mimi nilikuwa mdogo kiasi cha kudhani tumekwenda kutembea tu. Nyumba yetu ilikuwa ya makuti, juu ya mchanga mweupe uliochoma nyayo adhuhuri. Tulikuwa baba, mama, dada yangu Mwanaesha, mimi, na Nyanya, mamake baba, mwanamke mwembamba aliyesumbuliwa na pumu na aliyeongea kidogo sana. Baba alikuwa fundi wa injini za mashua. Mikono yake ilikuwa na maarifa, na mdomo wake ulikuwa na maarifa zaidi. Alipoulizwa sisi ni wa nani, alitaja ukoo mkubwa wa huko juu bila kupepesa macho, na kwa kuwa watu wa huko walikuwa wametawanyika kila pembe, nani angekwenda kuuliza? Mimi nilimwamini. Mtoto humwamini babake kabla ya kumwamini kadhi.

Gari lenyewe lilikuja ndani ya makasha. Mzungu mmoja wa serikali aliyekaa upande wa bara alikuwa ameagiza kwao gari la kuunga mwenyewe: bodi ya plastiki ngumu, vyuma vya chini, usukani, magurudumu madogo, na karatasi za kuelekeza. Kabla injini haijafika, Uhuru ukafika, naye akaenda zake. Makasha yakabaki ghalani Mokowe, huko bara, mpaka mlinzi alipochoka kuyaruka, akamwambia baba ayachukue, kwa shukrani ya injini moja ya mashua aliyomfufulia. Baba akayavusha, akayashusha Wiyoni, na uani kwetu hapakuwa tena na pa kuanika nguo. Ile plastiki ukiikwaruza ilitoa nywele nyembamba za kioo, zikakuwasha mikono usiku kucha. Injini aliipata kwa mwalimu mmoja wa bara ambaye pikipiki yake ilianguka baharini ikishushwa. Mwalimu alikwisha kuikatia tamaa. Baba akaiosha chumvi kipande kwa kipande, akaifunga nyuma ya viti, na mnyororo wake ukazungusha magurudumu ya nyuma.

"Watu hufuga mbuzi wakapata maziwa," mama alimwambia. "Wewe umefuga kelele."

Wakati huo huo dada yangu alikuwa ameposwa. Mwanaesha alikuwa na uso mtulivu na sauti ya kusoma maulidi, na ni huko kwenye maulidi ndiko wanawake wa mjini walikomwona. Mposaji alikuwa Athman, kijana mshona kofia wa Mkomani, mtaa wa waungwana, yatima aliyelelewa na shangazi yake, Bi Zena. Nyumba ya Bi Zena ilikuwa ya mawe, yenye mlango wa nakshi, na hata watu wazima walipolitaja jina lake walipunguza sauti kidogo. Watu wa Mkomani kuja kuposa Wiyoni! Baba aliongezeka urefu.

Nyinyi mnaijua desturi, lakini wajukuu zenu hawaijui, kwa hivyo niiseme. Kwa waungwana wa Amu, mwanamke haondoki kwao. Baba humpa binti yake nyumba, au chumba, au hata pembe ya chumba, na mwanamume ndiye anayeingia, kwa kupigiwa matwari, yale matari ya harusi, na uvumba, watu wote wakiona. Mwanamke wa kupelekwa kwa mwanamume alikuwa mwingine, tangu zama za mabibi na wajakazi, na aliitwa suria. Baba akajenga chumba ubavuni mwa nyumba yetu, akakipaka chokaa mpaka ukikitazama saa sita mchana unafumba macho. Kisha, kwa kuwa ule mdomo haukujua kupumzika, akawatangazia watu wa Mkomani kwamba bwana harusi hataichafua kanzu yake kwa mchanga wa Wiyoni. Yeye baba mwenyewe atakwenda kumchukua, kwa gari. Mama alimkumbusha kwamba ngoma ikilia sana hupasuka. Baba alicheka.

Tatizo lilikuwa pumzi. Kabureta ilikaa chini, mdomo wake umeelekea gurudumu la nyuma, na gurudumu la nyuma kwenye mchanga wa Wiyoni hupekua kama kuku. Gari lilitoka mlangoni kwetu, likafika msikitini, likakohoa, likafa. Baba akafungua kabureta, akamwaga mchanga kiganjani, akanionyesha. "Wauona huu? Ukiingia ndani watafuna chuma." Asubuhi injini ikiwa baridi, alinifundisha kuuziba ule mdomo kwa kiganja ili ivute petroli zaidi, naye akipiga teke la kuwashia. Ulininyonya kiganja, baridi na unyevu, nami niliamini kabisa kwamba mle ndani mna mtu mwenye pumu kama Nyanya.

Basi baba akabadilisha njia yote ya hewa. Alitafuta bomba la mpira, akalipandisha kutoka kwenye kabureta mpaka juu, nyuma ya viti, mahali ambapo vumbi halifiki kwa urahisi, na mwishoni akafunga mkebe wa maziwa ya unga uliotobolewa matundu. Kilichobaki ni kitu cha kuchujia. Alijaza makumbi ya nazi. Yakanyonywa ndani, injini ikatapika nyuzi. Alifunga gunia, vumbi likapita bila hata kubisha hodi. Alikunja kitambaa cha merikani mara mbili, akaipaka mafuta. Injini ikasongwa, ikatoa moshi mweusi, na alipoifungua plagi ilikuwa nyeusi kama wanja.

"Yanywa petroli lakini haivuti pumzi," alisema, akiwa amekaa mchangani, mikono imejaa masizi. "Nataka kitambaa chepesi, chepesi sana, lakini nyuzi zake ziwe zimeshikana."

Mama alimwambia asithubutu hata kuzitazama leso zake.

Nyanya alikuwa kibarazani akihangaika na pumzi zake mwenyewe. Akainuka bila neno, akaingia ndani, nikasikia kasha lake likifunguka. Alirudi na kitambaa cha buluu iliyokoza mpaka kukaribia weusi, chepesi hata ukikiinua mbele ya jua ulimwona mtu aliye upande wa pili. Kilikuwa na ncha mbili ndefu zilizoshonwa pembeni, za kufungia chini ya kidevu. Kilinuka udi wa zamani.

"Jaribu hichi," alisema. "Mimi nalikuwa nikipumua chini yake, yua kali."

Baba akakichovya katika mafuta ya nazi, akakikamua, akakitandaza juu ya mkebe na kukifunga kwa zile ncha mbili, zikaning'inia nyuma. Akapiga teke. Wallahi, ile injini iliimba. Akaendesha mpaka msikitini na kurudi, akaenda tena na kurudi, na plagi ilipofunguliwa ilikuwa na rangi ya mkate uliookwa vizuri. Baba aliibusu mbele ya mama. Nyanya akatabasamu, jambo nililoliona mara chache maishani. Nilimwuliza kitambaa kile chaitwaje.

"Ukaya," akasema, na hakuongeza.

Wiki ya harusi baba akaona gari lipelekwe mjini, watu wa Mkomani walione kabla ya siku yenyewe. Akampandisha Nyanya kiti cha mbele, nami nikakaa miguuni mwake. Tukapita ufuoni, maji yamekupwa na mchanga umeshikana, tukaingia usita wa pwani, ile njia kuu ya mbele ya mji, na watoto nyuma yetu wakipiga makofi. Mafundi wa mashua wakaacha nyundo zao. Athman mwenyewe alikuwapo, kofia aliyokuwa akiishona ingali mkononi, akicheka kwa haya. Baba alisimamisha gari lakini hakulizima. Alitaka wausikie ule mlio.

Bi Zena akatoka kuja kutazama, na watu wakampisha. Alikuwa wa umri wa Nyanya, lakini alitembea kama mtu ambaye hajawahi kuharakishwa. Alilizunguka gari polepole akiuliza hichi ni nini na kile ni nini, baba akimjibu kwa adabu zote. Akafika nyuma, akasimama. Akazishika zile ncha mbili za kitambaa, akazipitisha baina ya vidole vyake.

"Bwana fundi, kitambaa hichi mumekitoa wapi?"

"Ni cha mamangu, Bi Zena. Kitambaa cha zamani tu."

Bi Zena akamgeukia Nyanya. "Ni chako wewe?"

Nyanya aliteremka garini. Kabla hajajibu akavua ndara zake, akaziweka kando, akasimama miguu mitupu juu ya mawe ya moto, macho chini.

"Changu, Bibi."

"Wajitanda wewe mwenyewe?"

"Ee, Bibi. Zamani, nikimtukulia bibi yangu shiraa."

Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema. Mimi nilidhani ni adabu. Nilidhani Nyanya amevua ndara kwa sababu Bi Zena ni mtu wa dini, kama tunavyovua viatu mlangoni mwa msikiti, na ule ukimya nilidhani watu wanaisikiliza injini. Kwa kuwa nilifundishwa kufuata wakubwa katika mambo ya heshima, nami nikateremka, nikavua vyangu, nikavipanga kando ya vile vya Nyanya na kusimama ubavuni mwake. Mawe yalinichoma nyayo nikavumilia. Baba alitutazama sisi wawili, kisha akanyoosha mkono akaizima injini.

Nitawaeleza mambo ambayo mimi sikuelezwa. Shiraa lilikuwa hema la nguo ambalo bibi wa kiungwana alitembea ndani yake asionekane, na wajakazi ndio waliolishika huku na huku, jua lote likiwaishia wao. Wao hawakuwa na shiraa wala buibui. Walijitanda ukaya. Na mjakazi hakusimama na viatu mbele ya bibi yake. Baba alijua mamake alizaliwa utumwani, na hilo ndilo alilolifunika kwa ule ukoo mkubwa wa huko juu. Asichokijua ni kwamba kile kitambaa kina ulimi. Alipopata akili wanawake walikwisha kuacha kukivaa. Lakini wazee wa Mkomani walikijua, na kama wangekisahau, nyayo za Nyanya zingewakumbusha.

Tulirudi Wiyoni bila watoto nyuma yetu. Baba aliliegesha gari, akabaki ameshika usukani.

"Mama, kwa nini hukunambia?"

"Uliniuliza kitambaa chepesi," Nyanya akasema. "Hukuniuliza alojitanda ni nani."

"Na ndara? Hukuweza kusimama na ndara zako?"

Nyanya alizitazama nyayo zake. "Miguu imevua yenyewe, mwanangu. Mambo hayo nalidhani yamekwisha. Hata miguu nalidhani imesahau."

Kesho yake baada ya alasiri akaja Bwana Shee, kakake Bi Zena, mzee mpole mwenye bakora ya mpingo. Alikaribishwa kahawa, akainywa, akausifu upepo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlango, kwa sababu nilitaka kujua bwana harusi amelipenda gari kiasi gani.

"Sisi hatuvundi neno," Bwana Shee akasema. "Tumeposa, tumeposa. Sharia haina kizuizi, na kijana amtaka. Lakini Bi Zena asema bwana harusi hatatoka. Matwari hayatapigwa. Bibi harusi mtamleta wenyewe. Gari munalo."

"Bwana Shee," baba akasema, na sauti yake sikuitambua, "chumba nimejenga."

"Nimekiona nikiya. Ni kizuri." Mzee akaishika bakora yake akainuka. "Chumba hakikosi kazi."

Mimi sikubaki kusikiliza zaidi. Nilikuwa nimeshapata habari niliyoitaka, tena nzuri kuliko nilivyotarajia. Dada yangu alikuwa uani nyuma ya pazia la makuti, amepakwa liwa, ule msandali uliosagwa, uso mzima, amekaa wima isipasuke. Nikamwangukia magotini.

"Dada! Dada! Ni wewe utakayepanda gari! Si yeye, ni wewe!"

"Nani amesema?" akauliza, midomo haifunguki vizuri kwa ile liwa.

"Bwana Shee! Amesema bwana harusi hatoki, wewe ndiye utakayepelekwa. Gari munalo, amesema!"

Alinitazama. Machozi yakamtoka, yakachora njia mbili katika ile liwa. Nikadhani imemwingia machoni, nikakimbia kumletea maji, na njiani nikawa nikiimba.

Mama alitaka wakatae. Alisema heri binti yake aozee nyumbani. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona baba hana la kusema, na kwa upumbavu wangu nilidhani amechoka na safari ya jana. Mwanaesha ndiye aliyeamua. Alikwisha kunawa uso, na alizungumza kama anayepanga mapishi.

"Tukikataa, watu watauliza kwa nini, na jibu watalipata kabla ya magharibi. Atakayekuja kuniposa baada ya hapo atataka nipelekwe vile vile, na huyo hatakuwa Athman. Mimi nitakwenda."

Athman hakutuma neno. Miaka baadaye alidai alikatazwa. Alikuwa mtu mpole, na mimi nimejifunza kwamba upole wa watu wengine ni woga uliooga ukavaa kanzu.

Asubuhi ya harusi, baba aliuondoa ukaya kwenye mkebe. Akafunga merikani, safari hii bila kuikunja, akapiga teke. Injini ikasongwa. Akaiwasha bila kitambaa chochote, akaenda mpaka msikitini, akarudi akisukuma. Jua lilikuwa linapanda. Akauchukua ukaya pale alipoutupa, akaukung'uta, akautandaza upya juu ya mkebe. Kisha akachukua kisu cha kukatia kamba, akazikata zile ncha mbili na kukifunga kitambaa kwa waya, ili asiyejua asijue. Ncha zilianguka mchangani. Nyanya alikuwa amesimama pale pale. Akainama, akaziokota moja moja, akazipangusa mchanga na kuzifunga kwenye pindo la leso yake. Mimi nilimwuliza Nyanya kama atakaa mbele tena au nyuma.

"Leo kaa wewe mbele," akasema. "Mimi pumu yanisumbua."

Aibu yenyewe kwangu ilichelewa. Ilinifikia chuoni, tulikosomea Kurani, harusi imeshapita kitambo, pale msichana mmoja aliponivuta mtandio wangu na kuniuliza ukaya wangu nimeuacha wapi, na darasa zima likacheka, na mwalimu akajifanya hakusikia. Hapo ndipo kila kitu nilichokiona na kukifasiri kwa akili yangu kikageuka na kunionyesha uso wake wa kweli: ndara kando ya ndara, ule ukimya wa pwani, liwa iliyopasuka. Nilikwenda nyumbani nikajifungia katika kile chumba cha chokaa, ambacho baba alikwisha kukijaza vyuma vikuukuu. Nilimwonea Nyanya aibu, nikataka asiwe wetu. Nikamwonea aibu baba kwa uongo wake na kwa kisu chake. Kisha, nilipokua, nikajionea aibu mimi mwenyewe kwa kuwaonea wao, na hiyo ya mwisho ndiyo nzito na haina pa kuiweka. Mpaka leo nikiwa kwenye harusi, mwanamke akanisogelea akaniuliza kwa wema tu, "Na wewe, mwana, ni wa nani?" nahisi mawe ya moto chini ya nyayo. Mficha uchi hazai, walisema wazee. Mimi nimeficha, nimezaa, na wanangu nao nimewafundisha kuficha.

Dada yangu aliishi katika nyumba ile ya mawe mpaka Mwenyezi Mungu alipomchukua. Alizaa, alilea, alimwuguza Bi Zena mpaka siku yake ya mwisho na kumwosha kwa mikono yake. Waliishi wakimwita "yule wa Wiyoni". Watoto wake wakiulizwa wa nani hutaja upande wa baba, haraka, na mazungumzo yakaendelea. Hatukuwahi kuizungumzia ile siku, yeye na mimi, hata mara moja. Alikuwa akinipikia mkate wa mofa nikienda kumwona, akiniuliza habari za miguu yangu na za wajukuu.

Lakini siku yenyewe mimi sikuwa na habari ya lolote. Nilikuwa na gauni jipya la manjano na ua la kilua nyuma ya sikio. Mwanaesha alipanda nyuma, amefunikwa buibui jipya, hina mikononi, mafuta ya nazi kwenye nywele. Mimi nilikaa mbele kando ya baba. Mama alimkumbatia kupitia mlango wa gari mpaka baba akasema maji yanajaa. Hapakuwa na twari wala kigelegele. Nilijaribu kupiga kigelegele mimi mwenyewe, mama akaniziba mdomo, nikadhani nimekosea wakati.

Baba akapiga teke moja tu. Tukateremka ufuoni. Injini haikukohoa hata kidogo. Ilivuta pumzi zake kupitia ule ukaya, laini, tulivu, na baba aliendesha polepole sana, akisikiliza, na sasa najua alikuwa akiomba izime. Laiti ingezimika, tungeshuka, tungekaa mchangani, lingetokea lolote. Haikuzimika. Alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno.

Kwenye usita wa pwani watu walikuwa wamejaa mabarazani na madirishani. Nilisimama kitini nikawapungia. Niliwapungia mafundi wa mashua, wauza samaki, wenzangu wa chuoni, wanawake walioshika buibui kwa meno. Hakuna aliyenipungia. Nikadhani hawanioni vizuri, nikainua mkono wa pili. Ndipo mkono wa Mwanaesha, wenye hina mbichi, ukanyooka kutoka nyuma, ukanishika kiwiko na kukishusha.

"Kaa, mdogo wangu," akasema taratibu. "Utaanguka."

Tulisimama kando ya nyumba ya Bi Zena, si mbele kwenye ule mlango wa nakshi bali upande wa kichochoro, penye mlango mdogo wa jikoni ambao majivu na maji machafu hutolewa. Ulikuwa wazi. Mwanamke nisiyemjua alikuwa amesimama ndani, mikono imelowa. Baba akafungua mlango wake ateremke.

"Usiteremke, baba," Mwanaesha akasema. "Usizime. Rudi tu, maji yanajaa."

"Nitakushika mkono mpaka ndani."

"Baba. Usiteremke."

Baba akabaki na mguu mmoja chini. Dada yangu akashuka peke yake, akajiweka sawa buibui lake, akainama kwa sababu ule mlango ulikuwa mfupi, akaingia. Hakugeuka. Nilisimama juu ya kiti na gauni langu la manjano nikampungia kwa mikono miwili, nikiliita jina lake, mpaka mlango ukafungwa. Sikuwahi kuwa na furaha kama ile katika utoto wangu wote.